Sifuri kwenye Mstari wa Pili

Mwanamke wa chuo alikuwa na sauti ya upole, na upole huo ndio uliomtia Emmett Lockridge wasiwasi. Katika miaka ishirini na miwili ya jeshi alikuwa amezoea kupewa habari mbaya kwa kelele. Simu ilikuwa katikati ya meza ya jikoni, spika imefunguliwa mpaka mwisho kwa sababu mizinga ilikuwa imemharibia masikio. Walioizunguka walikuwa watatu: Emmett, mkewe Corinne, na Brielle, binti ambaye Corinne alikuja naye kwenye ndoa. Brielle alikuwa na miaka kumi na minane, na barua yake ya kukubaliwa na chuo kikuu cha binafsi, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari, ilikuwa imebandikwa kwenye friji tangu Machi.

Mwanamke aliuliza jina lote la mwanafunzi kwa mara ya pili. Akauliza na tarehe ya kuzaliwa. Halafu akaeleza kwamba kwenye kumbukumbu za serikali, miezi thelathini na sita ya masomo ya Sajenti Lockridge imeandikwa yote kwa jina la Travis Lockridge.

"Na Brielle?" Corinne akauliza.

"Brielle yumo, mama. Yuko mstari wa pili. Ana sifuri."

Miezi hiyo watu wa Lawton, mji wao wa kambi ya jeshi, wanaijua kama wanavyoijua bei ya petroli. Askari akitumikia vya kutosha, serikali humlipia miezi thelathini na sita ya chuo, na asipoitaka mwenyewe anaweza kuwagawia mke na watoto. Chuo kikiwa cha binafsi, serikali hulipa mpaka kiwango fulani, na vyuo vingine, kama hicho cha Brielle, hukubali kubeba kinachobaki. Travis, mtoto wa Emmett kwa mke wa kwanza, alikuwa fundi wa nguzo za umeme na alishaapa kwamba darasani harudi hata kwa mtutu wa bunduki. Kwa hiyo nyumba nzima ilihesabu miezi ni ya Brielle. Corinne, aliyesimamia jiko la shule ya msingi, alikuwa amewatangazia wapishi wenzake, na wapishi wakautangazia mji.

Emmett akasema hapana neno, watahamisha. Travis hana haja nayo.

Mwanamke akavuta pumzi. Akasema kuhamisha kunawezekana, ila kwa mtu ambaye alipewa angalau mwezi mmoja wakati askari bado yuko kazini. "Angekuwa na mmoja tu, tungemwongezea leo hii. Ukishastaafu, mwenye sifuri haongezewi."

Corinne akauliza fomu ilijazwa lini. Tarehe ishirini na tatu Oktoba, elfu mbili kumi na nne. Akashukuru, akakata simu, akaenda kugeuza samaki kwenye kikaango ingawa walikuwa wameshaiva.

"Nilisahau," Emmett alisema. "Fomu zilikuwa nyingi. Yule karani naye hakuniambia chochote kuhusu hiyo miezi."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile Emmett aliiona ndefu na imenyooka. Hakuna aliyembishia. Brielle aliinuka, akaibandua barua kwenye friji, akaikunja vizuri na kuiingiza kwenye droo ya vijiko.

*

Ukweli ni kwamba karani alimwambia. Alikuwa koplo mmoja mwembamba, mwenye chunusi, aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Majina yalikuwa mawili kwenye fomu, Travis na Brielle, kila moja na kisanduku chake. Emmett alipoandika thelathini na sita kwenye cha juu na sifuri kwenye cha chini, koplo alisita. Akasema, "Sajenti, mpe na huyu hata mwezi mmoja. Mmoja tu. Huwezi kujua ya mbele."

Naye Emmett akajibu, "Huyo si wangu."

Hakusema kwa hasira. Ndoa ilikuwa na mwaka mmoja. Corinne alikuwa amegombana naye, akamchukua mtoto, akaenda kwa dada yake Amarillo, na siku ile ilikuwa ya kumi na moja bila simu. Emmett alishaachwa na mke mmoja, dalili alizijua. Aliona upuuzi kumpa miezi yake mtoto ambaye Krismasi huenda asingekuwa naye tena. Siku ya kumi na tisa Corinne akarudi, wakayamaliza, na fomu ikabaki kama ilivyo. Baadaye alimfundisha Brielle kuendesha baiskeli, akakesha naye alipotolewa kidole tumbo, akamfokea mvulana wa kwanza aliyekuja kupiga honi nje badala ya kugonga mlango. Siku ya kustaafu ilipofika, alitia sahihi karatasi arobaini, na kisanduku kile hakikumjia kichwani kabisa. Hapo alisahau kweli. Mara ya kwanza hakusahau.

Mtoto mwenyewe alimwita Sajenti tangu akiwa na miaka saba, kwa utani, na Emmett alikuwa ameliona ni jina zuri kuliko mengi.

*

Kwenye ukumbi wa askari wastaafu kulikuwa na ofisi ndogo nyuma ya meza ya kuchezea biliadi, na ndani yake alikaa Odell Fritts, mama wa miaka sitini na kitu aliyewahi kuwa fundi wa helikopta. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wastaafu na karatasi zao. Alimsikiliza Emmett huku akitafuna barafu ya kikombe chake cha chai baridi.

Alimwambia kuna baraza la kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Unaandika barua, unaeleza kwamba hukuelekezwa, wanakaa mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine wanakubali. Kisha akageuza nakala ya fomu ile, aliyokuwa ameitoa kwenye mtandao, akaweka ukucha chini. "Ila hapa umetia herufi za jina lako. Umekiri umeelekezwa. Si mkono wako huu?"

Ulikuwa mkono wake.

"Basi, ukiandika kwamba hukuambiwa, utakuwa unabishana na wino wako mwenyewe. Umeshanielewa. Travis ana miaka mingapi?"

Emmett akasema ishirini na nne.

"Akifika ishirini na sita miezi kwake imekufa. Ya watoto ina umri, ya kwako haina." Akatafuna barafu. "Rudisha miezi kwako, Lockridge, ukasome wewe."

Emmett alicheka. Odell hakucheka. Akamweleza kwamba mtu akisoma kwa miezi yake, serikali haimlipii ada tu, humpa na posho ya pango kila mwezi anaokaa darasani. Kwa mji wao ni dola elfu moja na mia tatu na ushei. Hakuna sheria inayosema posho hiyo lazima mtu ale yeye. "Wewe unasoma hapa chuo cha mji, ada bure. Posho inapanda gari kwenda kwa binti yako. Ila usome kweli. Ukitoroka masomo, serikali itazidai hela zake mpaka kwenye pensheni yako."

"Mimi nilimaliza sekondari kwa kusukumwa, Odell."

"Na mizinga ulijifunza kwa kusukumwa. Iliwahi kukushinda?"

Wazee wawili waliokuwa wakicheza biliadi walikuwa wamesikia kila kitu. Alipotoka, mmoja akamwambia asisahau kumpelekea mwalimu tufaha kama mtoto wa chekechea, na mwingine akamuuliza kama Corinne atamfungashia chakula au atakula na wenzake wa shule. "Elimu haina mwisho," wa kwanza akasema, na wakagongana fimbo zao.

*

Jumapili Travis alikuja na lori la kampuni, akala bakuli mbili za maharage na nyama, akaelezwa habari yote. Alisikitika, kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, akaanza mzaha. Alisema ameachiwa shamba kubwa na hajui hata kushika jembe. Akasema yuko tayari kurudisha kila mwezi, hata wa Februari. Emmett alipotoa wazo la Odell, Travis aliweka kijiko chini.

"Wewe, mzee? Darasani?"

"Kwani darasani kuna nini?"

"Kuna kukaa kimya."

Corinne alikusanya bakuli. Tangu siku ya simu alikuwa akisema yale tu ya lazima: chumvi, takataka, funguo za gari. Emmett alidhani ni huzuni kwa ajili ya mtoto.

Brielle alikuwa na karatasi mbele yake. Alikuwa mtu wa hesabu za wazi. Chuo kilimpunguzia ada kwa alama zake nzuri, jimbo nalo likaongeza chake, na baada ya yote lilibaki pengo la dola elfu kumi na nne kwa mwaka. Posho ya miezi tisa ingefika karibu elfu kumi na mbili. Zilizobaki angezifanyia kazi maktaba. Aliyasema haya bila kumtazama Emmett, kisha akamtazama.

"Sajenti, nikuulize. Ulinisahau hivi hivi tu?"

Mtoto alikuwa amemfungulia Emmett mlango, na yeye aliusukuma ukajifunga.

"Hivi hivi tu. Fomu zilikuwa nyingi."

"Basi. Kusahau si kosa. Mimi mwenyewe nasahau mitihani." Akatabasamu, akaitoa barua yake kwenye droo ya vijiko. Emmett hakuwahi kujiona mdogo kama pale, na wakati huo watoto wote wawili mezani walikuwa wakimwona mkubwa.

*

Agosti alimpeleka Brielle chuoni kwake na wiki iliyofuata akaanza cha kwake. Alipewa kwanza mtihani wa kupimwa hesabu, akapata alama zilizomweka darasa la kuanzia, pamoja na vijana waliolala usingizi sekondari. Siku ya kwanza aliwahi dakika kumi na tano, kama alivyozoea, akasimama mbele akitafuta swichi ya taa. Vijana walioingia wakamwamkia kwa adabu na kufungua madaftari. Ilibidi awaambie yeye si mwalimu. Akaenda kukaa mstari wa mbele ili kifaa chake cha sikio kishike maneno, na nyuma yake akasikia mtu akizuia kicheko. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko alivyotarajia.

Mambo mengine yalikuwa madogo na yote yaliuma. Nenosiri lilimkataa mara sita na msichana wa miaka kumi na tisa akamsaidia, akimwita babu. Kadi yake ya mwanafunzi ilimpa punguzo la baga mtaani na mwenye duka akaiangalia mbele na nyuma kama hela bandia. Lakini mwisho wa Septemba posho iliingia benki saa tatu asubuhi, na saa tatu na dakika tano Emmett alikuwa ameituma yote. Aliendesha gari kwenda darasani akipiga mluzi.

Kilichomshinda ni somo la kuandika. Mwalimu, binti wa miaka thelathini aitwaye Thuy Dang, alitaka insha kila wiki mbili. Emmett aliandika kama anavyoandika ripoti ya jeshi, bila koma na bila mtu yeyote ndani. Brielle akajitolea kumsahihisha. Kila Jumatano alimtumia insha kwa barua pepe, na kila Ijumaa ilirudi imejaa rangi nyekundu. "Hapa nani alifanya?" "Hapa ulijisikiaje? Usiseme vizuri." Mara nyingine walipigiana simu wakabishana juu ya sentensi moja nusu saa, na Corinne alipita na kikapu cha nguo akiwasikiliza.

Novemba mwalimu alitoa kazi nzito kuliko zote: andika juu ya siku ulipojua lililo sawa ukafanya jingine. Emmett aliandika juu ya kombora lililopotoka mazoezini. Thuy Dang aliirudisha bila alama. Pembeni alikuwa ameandika kwamba mzinga ameuona vizuri; askari ndiye hakumwona.

*

Jioni ile alikaa mezani jikoni na kompyuta ya zamani ya Brielle. Aliandika sentensi moja akaifuta. Akaandika ileile tena. Kutoka uwanja wa mazoezi mizinga ilikuwa ikinguruma na vyombo kabatini vikigusana, naye hakuisikia. Alipofika kwa yule koplo na maneno aliyomjibu, akaondoa mikono kwenye kompyuta akaikalia.

Corinne alikuwa anapanga vyakula vya kesho vya kazini. "Imekushinda?"

"Kuna jambo nilitaka kukwambia. Kuhusu ile fomu."

"Tarehe ishirini na tatu Oktoba," Corinne alisema. Hakugeuka. "Niliisikia siku ile ya simu, Emmett. Unadhani nimesahau Oktoba ile nilikuwa wapi? Nilikuwa Amarillo, nalala kwenye kochi la dada yangu na mtoto amenilalia mkono."

Emmett akafunga kompyuta nusu.

"Nimekungoja miezi saba. Nikasema, leo atasema. Ulipokwenda kukaa na watoto darasani nikasema, haya, huyu analipa kwa jasho kile anachoogopa kukisema kwa mdomo. Nikakuonea huruma, na hasira haikuisha. Zote mbili ninazo mpaka sasa."

"Nilidhani hurudi."

"Najua ulichodhani. Na mimi nilidhani hivyo hivyo siku kumi na nane." Akafunga friji. "Huna tena deni la kuniambia mimi. Mwambie yeye. Umemwacha anaamini alisahaulika, na anakusahihishia koma."

Emmett aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiamrisha mizinga sita, itakuwaje mtoto akichukia. Akiacha chuo kwa kukataa hela zake?

"Atakuwa amechukia kitu cha kweli," Corinne alisema, akaenda kuoga.

Aliandika mpaka mwisho. Hakumlaumu koplo, wala haraka, wala wingi wa fomu. Aliweka yale maneno matatu kama alivyoyasema, na chini yake akaandika kwamba hakuna siku tangu simu ile ya Aprili ambayo hajayasikia, yeye asiyesikia vizuri. Angeweza kuipeleka moja kwa moja kwa mwalimu. Ilikuwa Jumatano. Akaituma kwa Brielle kama kawaida.

*

Ijumaa haikurudi. Jumamosi haikurudi. Jumapili Travis alipiga simu kuuliza habari za mpira, akapata majibu ya neno moja moja, akauliza kama kuna msiba. Corinne alimwekea mumewe chakula, akakaa naye mpaka akala nusu. Emmett alikuwa amepiga moyo konde kwa mambo mengi maishani, lakini kwa hili hakupata pa kupigia. Alijiambia kwamba Jumatatu ataipeleka insha na koma zake mbovu, na kwamba posho ataendelea kuituma hata kama itarudishwa.

Jumatatu asubuhi, akitafuta funguo, aliona barua pepe imeingia kwenye kompyuta. Alikaa kabla ya kuifungua.

Rangi nyekundu ilikuwa ileile. Koma hapa. Koma hapa. Aya ya tatu ndefu mno, ikate. Penye maneno matatu hapakuwa na alama yoyote. Alishuka taratibu, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa, ambako alikuta ameandikiwa hivi:

"Sajenti, nimechelewa kwa sababu nililia, halafu nikakasirika, halafu nikawa na mtihani wa kemia. Bado nimekasirika kidogo, nitakuja na hasira hiyo kidogo nyumbani sikukuu ya wiki ijayo. Mwaka ule nilikuwa na miaka minane. Mtu angenipa fomu yenye jina lako, nami ningekuwekea sifuri. Nilimwambia Mama hivyo kule Amarillo, muulize. Usibadilishe sentensi hata moja, rekebisha koma tu. Na usifeli, ada ya Januari bado."

Emmett alisoma mara mbili. Kisha akavua koti, akavuta kiti karibu na meza, akaanza na koma ya kwanza.